Sufuria Lisilosafiri Tupu

Watu wakisikia nimestaafu hucheka kwanza, kisha hunitazama kichwani kutafuta mvi. Sina. Nimestaafishwa na kifua. Daktari alinisikiliza mgongoni, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia napangusa vumbi la marehemu. Hakucheka. Aliandika kwamba vumbi, ukungu wa vitabu na nyuzi za mkonge si vitu vyangu tena. Wengine hustaafu kwa umri, mimi nimestaafu kwa pumu. Na kwa kuwa makumbusho yetu ya mji wa Tanga ni mapya kuliko viatu vyangu, mimi ndiye mstaafu wake wa kwanza. Bi Rukia, mkuu wetu, amesema heshima hiyo inanilazimisha kuwaandikia ninyi mnaoingia. Nikamuuliza ni nani aliyeweka sheria hiyo.

"Kwa swali hilo hilo," akasema, "utaandika wewe."

Ya vyeo sitayaandika, kwa sababu hatukuwa navyo. Ya mishahara mtayajua wenyewe mwisho wa mwezi. Nitaandika ya siku za mwanzo, ya vifaa, na ya sufuria. Hasa ya sufuria, maana huenda mkaitwa kulibeba kabla hamjajifunza kuwasha taa za ukumbini.

Nilikuja kwenye usaili na shahada ya historia na ulimi mrefu. Chuoni nilikuwa nimejifunza kwamba makumbusho ni mahali ambapo wenye nguvu huweka walichokichukua kwa wasio na nguvu, na niliona nimepata ufunguo wa dunia nzima. Waliponiuliza nina maoni gani kuhusu kujenga makumbusho ya historia na utamaduni wa Tanga, nilijibu, "Kwani Tanga imekufa?" Nikatoka nje nikijua nimejifungia mlango. Kesho yake Bi Rukia akanipigia simu. "Njoo Jumatatu. Vaa nguo ambayo hutailia ukiitupa."

Jengo lilikuwa ghala la zamani karibu na reli, na wapangaji wake walikuwa popo. Siku yangu ya kwanza katika kulinda urithi wa mji niliitumia kuzoa kinyesi chao. Bi Rukia, aliyefundisha historia sekondari mpaka wanafunzi wake wakawa na wajukuu, alikuwa amejifunga khanga kiunoni na kushika fagio refu. Nilimuuliza kwa nini tusiajiri vibarua. Akaniuliza kama nimewahi kukaa kwenye nyumba ambayo sikuifagia, nikaijua vizuri. Swali hilo halikunifurahisha, kwa hiyo nikafagia kwa hasira. Hasira hufagia vizuri.

Vifaa vyenu vitakuwa vichache. Brashi ya manyoya laini, ile ya wapaka rangi, lakini mpya. Glovu za pamba nyeupe, ambazo zitawafanya mwonekane kama mashoga wa bibi harusi. Tochi ndogo. Barakoa, na tafadhali ivaeni, mimi sikuivaa. Lakini kifaa kikubwa kuliko vyote ni baiskeli. Mji wetu ni tambarare na kila mtu ana baiskeli, hata wenye magari. Ukifika nyumbani kwa watu na gari la makumbusho, wanakutolea vitu wanavyotaka kuviuza. Ukifika na baiskeli, unaletewa kwanza maji ya kunywa, na vitu vyenyewe utavikuta vinatumika uani.

Bi Rukia alinikataza kuanza na swali la "Hiki ni nini?" Alisema nianze na "Mara ya mwisho mlikitumia lini?" Nikataka kujua sababu, kama kawaida yangu. Akasema swali la kwanza hujibiwa kwa neno moja na kufuatiwa na karibu tena. La pili hujibiwa kwa kikombe cha chai. Nilijaribu yote mawili, maana sikuwa mtu wa kuamini bila kujaribu. Nilikunywa chai nyingi sana.

Si kila kitu kilikuwa rahisi. Mvuvi mmoja wa Kigombe alituletea dema, ule mtego wa samaki unaosukwa kama kapu kubwa, mpya kabisa, mzuri wa kupendeza. Baada ya wiki chache akarudi kuutaka, eti ule aliokuwa akiutumia umechanika na samaki ndio kwanza wanapita. Bi Rukia akampa. Mvuvi akatuachia ule uliochanika. "Huu ndio wa makumbusho," akasema, "umechoka." Bi Rukia alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikwenda mezani kwangu nikaandika kanuni: kitu kikishasajiliwa hakitoki. Niliibandika ukutani. Nilijiona nimeokoa makumbusho.

Sasa sufuria.

Mtaani Nguvumali kulikuwa na sufuria la shaba ambalo mtoto wa miaka kumi anaweza kukaa ndani akacheza peke yake. Lina pete mbili pembeni za kupitishia mti, na watu wawili hulibeba mabegani. Nje lilikuwa jeusi kwa masizi ya miaka na miaka. Halikuwa la mtu. Lilikaa nyumbani kwa Bi Mwanaidi, mkubwa wa akina mama wa mtaa, kama lilivyowahi kukaa kwa wengine kabla yake. Mwenye nyumba linapokaa hana haki ya kumnyima mtu. Ukiwa na msiba au harusi unatuma vijana na mti, basi. Waislamu wamelipikia, na Wakristo vilevile. Bibi yangu mzaa baba, Mlutheri wa kufa na kupona, msiba wake ulipikiwa humo, na kuku wakachinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale.

Bi Mwanaidi alikuwa akibomoa banda lake la uani ili ajenge upya, na magoti yalikuwa yamemchosha kuwafungulia watu. Bi Rukia akamwomba sufuria lije makumbusho. Akina mama wakakaa, wakajadiliana, wakakubali. Walilileta wenyewe kwa vigelegele, wakiimba nyuma ya vijana waliolibeba. Bi Mwanaidi aliliinamia, akatia konzi ya mchele ndani, akasema, "Tumekuleteeni mgeni. Msimfungie." Nilirekodi yote kwa simu. Kwenye maelezo niliandika: sherehe ya kuaga. Kisha nikaenda nalo stoo, nikautoa ule mchele kwa brashi, punje kwa punje, kwa kuwa mchele huleta wadudu na wadudu wa nafaka wakishaingia stoo hawachagui.

Nilitaka sufuria liwe kitu cha kwanza kuonekana katika ukumbi wa kwanza, chini ya kioo. Kilichobaki kilikuwa kibao cha maelezo: lilitoka wapi? Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Mtu wa kwanza kunijibu alikuwa Mzee Gulamu, mwenye duka la misumari, kamba na vioo vya taa hapo hapo Nguvumali. Ukoo wake ulitoka Bara Hindi zamani, na duka hilo lilifunguliwa na babu yake. Niliegesha baiskeli, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza.

"Sufuria lile alilitoa babu yangu," akasema. "Sadaka kwa mtaa. Andika."

Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye benchi la duka, mahali alipokaa kila asubuhi bila kununua kitu. Akageuka taratibu.

"Babu yako yupi? Yule aliyekuwa akiuza mafuta ya taa nusu kibaba na nusu povu?"

"Mwanaidi, kunapozungumzwa historia wewe nyamaza."

"Tulichanga sisi wanawake. Mama yangu aliuza kuku wake wote."

"Kuku!" Mzee Gulamu akanigeukia mimi kama hakimu. "Binti, umesoma. Sufuria la shaba, kwa kuku?"

"Kuku wetu walikuwa wakubwa," akasema Bi Mwanaidi. "Babu yako alikuwa akiwaogopa."

Nilipofika nyumbani nikapata simulizi la tatu. Baba yangu alisema wote wawili wanaota, sufuria lilitoka jikoni kwenye shamba la mkonge, ambako manamba, wale vibarua waliotolewa mbali, walipikiwa ugali. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka Njombe kijana, akafia Muheza mzee, na kati ya hapo alikata mkonge. Nitasema kweli, simulizi hili ndilo lililonipendeza zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo nililitilia shaka kuliko mengine yote.

Nilirudi kwa Mzee Gulamu nikamwomba ushahidi. Barua, picha, shahidi, chochote.

"Ushahidi?" akasema. "Mtu akitoa sadaka, anaiandikisha wapi?"

Swali lilikuwa zuri. Sikupenda watu wengine wawe na maswali mazuri, nikalipita. Asubuhi hiyo Bi Mwanaidi hakuwepo. Mzee Gulamu alinimiminia chai ya maziwa iliyojaa tangawizi, akashusha sauti ingawa dukani tulikuwa wawili tu.

"Binti, watoto wangu wako mbali. Mmoja yuko Dar, wengine nje kabisa. Duka hili nikilifunga, limefungwa. Hapatakuwa na kitu mjini hapa chenye jina la kwetu. Sitaki kibao kikubwa. Andika tu jina la babu, kwa herufi ndogo."

Nilimwambia nitaandika nitakachoweza kukithibitisha.

"Basi thibitisha," akasema. "Ukimaliza njoo unywe chai."

Nilihangaika kweli. Niliuliza wazee wa msikitini na wazee wa kanisani. Nilikwenda hadi Ushongo kumtafuta mpishi wa zamani wa shughuli aliyehamia huko kwa mwanawe. Akaniambia kwa uhakika mkubwa kwamba sufuria lilitoka Pangani, nikawa na masimulizi manne. Mwisho nikaandika kibao: *Sufuria la shaba la shughuli, Nguvumali. Asili yake haijulikani.* Nilimpelekea Mzee Gulamu akione kabla ya watu wengine, maana niliona ndiyo haki. Alivaa miwani, akasoma, akasoma tena.

"Haijulikani kwa nani?" akauliza.

Alinirudishia karatasi, akanimiminia chai.

Alifariki Alhamisi moja asubuhi, dukani, akiwa amekaa kwenye kiti chake. Ufunguzi wa makumbusho ulikuwa Jumamosi. Tulikwenda kuzika alasiri ile ile, tukarudi kumalizia kupaka rangi. Niliona huzuni, na niliona pia, kwa sauti ndogo ndani yangu, kwamba sasa hakuna atakayenilaumu kwa kile kibao. Sauti hiyo haikukaa hata siku mbili.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nafuta alama za vidole kwenye kioo cha sufuria. Bi Mwanaidi akaingia na vijana wawili. Mmoja alikuwa amebeba mti.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, Binti Maswali. Hitima ya Gulamu ni kesho. Tumekuja kuchukua sufuria."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamweleza kwa upole kwamba kesho ni ufunguzi, kuna mgeni rasmi, na sufuria ndilo litakaloonekana kwanza. Nikamweleza pia kanuni: kitu kikishasajiliwa hakitoki. Nikamwonyesha ilipobandikwa. Akaitazama kama mtu anavyotazama nguo ya mtoto wa jirani iliyoshonwa vibaya.

"Mchele wangu uko wapi?" akauliza.

"Mchele upi?"

"Niliotia humo siku ya kulileta."

"Niliutoa, Bi. Ungeleta wadudu."

Akakaa kwenye benchi la wageni, akashika magoti yake yote mawili.

"Kumbe," akasema. "Basi ndiyo maana."

Alinieleza kama anavyoelezwa mwali. Sufuria lile halisafiri tupu. Linapohama nyumba hutiwa mchele, na nyumba inayolipokea na mchele wake imepokea zamu. Kuanzia hapo watu wakibisha hodi wakiwa na msiba, nyumba hiyo ndiyo inayofungua. Halikuwa limeletwa kupumzika. Makumbusho yalikuwa nyumba tu, kama nyumba yake na kama za waliomtangulia, isipokuwa ina taa nzuri.

"Tuliona mahali pazuri," akasema. "Kuna mlinzi. Hapavuji. Hakuna mtu wa kuamshwa na magoti yake. Tukasema hawa wasomi wamekubali zamu, Mungu awabariki."

Nilikuwa na hoja, na nilizitoa. Nilisema moto utaharibu masizi ya zamani, ambayo ni sehemu ya historia. Akasema masizi yakiharibika wataweka mengine. Nikasema familia ya Mzee Gulamu ina uwezo, na bintiye aliyetoka Dar ameshaagiza chakula hotelini.

"Hicho watakula wageni wake. Sisi tutakula chetu."

Ndipo nilipomuuliza swali lililokuwa linanikera tangu aingie.

"Bi, si ulikuwa unabishana naye kila siku kuhusu sufuria hili hili? Hukumwachia hata neno."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Sasa mwanangu, ningebishana na mtu wa mtaa mwingine?"

"Basi nambie. Yeye hayupo tena. Lilitoka wapi kweli?"

"Kweli," akasema, akinyanyuka, "ni kwamba mchele umeshachaguliwa na sufuria halijaoshwa."

Bi Rukia alikuwa mlangoni, simu sikioni, akizungumza na watu wa mgeni rasmi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alikata simu, akatoa funguo kwenye mkoba.

"Bi Rukia," nikasema, "kesho tutamwonyesha mgeni rasmi nini? Meza tupu?"

"Atauliza limekwenda wapi. Si wewe unayependa watu wanaouliza?"

Tulikifungua kioo. Niliwapa vijana glovu za pamba. Mmoja akavaa moja, akajitupa upande kama kipa anayedaka penalti, Bi Mwanaidi akamkemea kwamba anakwenda msibani. Wakapitisha mti kwenye pete, wakanyanyua. Kanuni zangu zilikuwa zimekufa, lakini niling'ang'ania moja: kitu hakitembei bila mtu wa makumbusho. Kwa hiyo nililifuata sufuria hadi Nguvumali nikiwa juu ya baiskeli, polepole, nyuma ya vijana wawili, na watu njiani wakinipa pole. Walidhani mimi ni wa familia. Mwanzoni niliwarekebisha. Baada ya hapo nikawa naitikia tu, "Tumeshapoa."

Kazi za alfajiri ya Jumamosi sitazisimulia zote. Nitasema tu kwamba hakuna somo la chuo linalomwandaa mtu kutazama kitu alichokifuta kwa brashi laini kwa majuma kikiwekwa juu ya mafiga na kuwashiwa magogo. Nilisimama karibu mpaka moshi ukanikimbiza. Binti wa Mzee Gulamu alitoka ndani kuja uani, akawakuta akina mama wa mtaa mzima wakimenya vitunguu. Akasema kwa adabu kwamba chakula kimeshaagizwa, wasisumbuke.

"Tunajua, mama," Bi Mwanaidi akamjibu. "Kaa hapa. Utuambie baba yako alikuwa akipenda pilipili manga kiasi gani. Mimi najua, lakini wewe sema."

Yule binti akakaa. Alilia kwa muda mrefu, na kisu cha vitunguu mkononi, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu.

Nilikimbia mjini kuwahi ufunguzi. Juu ya meza tupu, chini ya taa zilizolengwa vizuri kabisa, tuliweka karatasi niliyoiandika kwa mkono: *Sufuria halipo. Limekwenda Nguvumali kwenye hitima ya Mzee Gulamu wa dukani. Litarudi.* Nilisubiri aibu. Mgeni rasmi aliingia, akasimama mbele ya meza, akasoma. Akatugeukia. Hakuuliza swali hata moja. Akaanza kutupa mkono mmoja mmoja kwenye mstari, Bi Rukia, mimi, mlinzi, fundi umeme. "Poleni. Poleni sana." Waliomfuata wakasoma, wakafanya vivyo hivyo. Ukumbi wetu wa kwanza, siku ya kwanza, uligeuka msiba. Watu walishusha sauti. Wawili watatu walimfahamu marehemu, wakaanza kusimuliana alivyokuwa akikataa kukuuzia misumari mpaka umweleze unajenga nini. Mpaka leo sijatengeneza onyesho lililosimamisha watu kwa muda mrefu kama ile meza tupu.

Jumatatu sufuria likarudi, na nilipoliona nilitafuta pa kukaa. Akina mama walikuwa wamelisugua kwa mchanga, majivu na ndimu, ndani na nje. Masizi yote yalikuwa yamekwenda. Namba yangu ya usajili, niliyoiandika kwa wino maalumu huku nimezuia pumzi, ilikuwa imekwenda nayo. Liling'aa kama limetoka kwa fundi.

Mshtuko ulipotulia, nilipata wazo. Ikiwa chini ya masizi kuna jina, muhuri, alama yoyote, sasa itaonekana. Nililiegemeza ukutani kwa msaada wa mlinzi, likiinama kidogo. Nililala chali chini na tochi, nikalipitia lote kwa nje, kitako, ukingo, mizizi ya pete. Niliona alama za nyundo. Niliona mabonde ya kuangushwa na kubamizwa. Jina halikuwepo. Si la babu wa Mzee Gulamu, si la akina mama, si la shamba la mkonge, wala la Pangani. Nilikaa pale sakafuni nikiwa na harufu ya ndimu puani, nikamfikiria Mzee Gulamu akishika ile karatasi. Haijulikani kwa nani?

Tulipolisimamisha tena, kitu kikachakarika ndani. Nikamulika. Mchele, konzi moja, umetawanyika kitakoni. Safari hii sikuchukua brashi.

Kibao nilikiandika upya. Bi Rukia alisema ni kirefu mno na hakuna atakayekisoma. Nikamwuliza anajuaje. Ndicho mtakachokikuta ukutani, na naomba msikifupishe:

*Mzee Gulamu wa dukani alisema sufuria hili lilitolewa na babu yake. Bi Mwanaidi alisema lilinunuliwa na wanawake wa mtaa. Wengine wanasema lilitoka kwenye mashamba ya mkonge, na wengine Pangani. Hatukupata wa kumwamini kuliko mwingine. Tunalolijua kwa hakika, kwa sababu tulikuwepo, ni kwamba Mzee Gulamu alipofariki sufuria lilitoka hapa likaenda kwake, na walioamuru liende ni wale waliokuwa wakimbishia.*

Binti yake alipita kabla ya kurudi Dar. Alilipiga picha jina la baba yake pale ukutani, kwa herufi ndogo kama za maneno mengine yote. Alisema picha hiyo ataituma kwa ndugu zake walioko nje.

Tangu hapo sufuria limetoka mara nyingi. Kanuni yangu niliibandua mwenyewe. Vitu vingine bado havitoki, msije mkaniharibia. Lakini sufuria likihitajika, fungueni. Wabebaji wapeni glovu hata wakicheka. Mmoja wenu alifuate, na baiskeli. Na lisipokuwepo, wekeni karatasi juu ya meza mseme limekwenda wapi na kwa nani, kwa sababu wageni watataka kujua wawape pole au hongera. Likirudi, angalieni ndani. Mchele ukiwepo, msiutupe. Nimewanunulia bakuli la kioo lenye kifuniko kwa ajili ya wadudu. Utieni humo, na bakuli likae ndani ya sufuria. Nililipima. Linaenea.

Siku yangu ya mwisho kazini, Bi Mwanaidi alikuja kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake. Vijana walipokuwa wakipitisha mti, alisogea ukutani. Nilitambua kwamba katika safari zake zote alikuja na haraka, na kibao kile hakuwahi kukisoma. Akatafuta miwani yake ndani ya mkoba, akaivaa, akausoma kila mstari akiufuata kwa kidole kwenye kioo cha kibao, alama za vidole zikibaki nyuma. Nilingoja. Nilitaka sana aseme kitu, na sikutaka ajue.

"Umeandika vizuri," akasema mwishoni. "Lakini hukusema kama pilau ya siku ile iliungua kidogo chini."

"Iliungua? Mimi niliila, Bi. Sikuona."

"Hukuona wewe." Akaikunja miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, na machoni pia akapitisha ncha hiyo hiyo. "Gulamu angeona. Na angesema, mbele za watu, mpaka nife."